Mahali Ambapo Sikupima

Mliniambia niandike, basi naandika. Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba aliyestaafu ndiye anayehitaji kujua saa, na mmoja wenu akasema nisiondoke na mambo yote kichwani. Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo nilivipata kwa kuchelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika kazi, na hasa nitaandika kosa moja, kwa sababu mengine yote mlishanisikia nikijisifu.

Nimezaliwa Buyenzi, hapahapa Bujumbura, katikati ya gereji. Baba yangu alikuwa fundi wa magari. Nilipomwambia nataka kuwa kine, mtu wa kurudisha viungo kazini baada ya ajali au ugonjwa, aliniuliza kama huko nako kuna vipuri. Nikamwambia hakuna. Akasema basi kazi hiyo ni ngumu kuliko yake. Mpaka leo sijamsikia mtu aliyeieleza vizuri zaidi.

Siku yangu ya kwanza kituoni nilipokewa na kine aliyenitangulia, Musiye Severini. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mtu mwembamba, wa misa ya kila asubuhi, shati jeupe lililopigwa pasi hata katika lile joto letu la kabla ya mvua. Hakunipa mgonjwa. Alinipa kioo cha pembeni cha gari, akaniambia nizunguke vitandani niangalie ngozi: matako, visigino, mgongo. Aliyeumia uti wa mgongo hasikii maumivu chini ya pale palipoumia. Godoro linaweza kumla nyama mpaka kwenye mfupa naye anapiga hadithi. Wiki nzima niliangalia matako ya watu kwa kioo, nikarudi nyumbani kumlilia mama kwamba nimesoma bure. Wiki ya pili niliona doa jekundu kwenye kisigino cha mzee mmoja, doa dogo kama sarafu. Tukambadilisha namna ya kulala, likaondoka. Musiye Severini hakunisifu. Alisema tu kwamba sasa naweza kuanza kazi.

Vifaa vyetu msiviulize. Zile pau mbili za kusimamia, mnazozishika mpaka leo, ni mabomba ya maji yaliyochomelewa na vijana wa baba yangu. Uzito wa mazoezi ulikuwa mifuko ya mchanga wa ziwani. Tulikuwa na nyundo ndogo ya kugonga goti, pini, pamba na glavu. Kwa vitu hivyo Musiye Severini aliweza kukuambia mgongo wa mtu umeumia wapi, na picha ikija baadaye unakuta amekosea kwa upana wa kidole. Nilimstaajabia wakati ule na ninamstaajabia mpaka leo.

Kupima uti wa mgongo alinifundisha hivi. Mgonjwa anafumba macho. Unaanzia shingoni unashuka, pini hapa, pamba pale, yeye anasema anasikia au hasikii. Watu wanadhani mwisho wa mwili ni vidole vya miguu. Kwa uti wa mgongo sivyo. Neva zake za mwisho kabisa zinaishia pale mtu anapokalia, kwenye tundu la haja kubwa, na hapo ndipo kipimo kinapomalizikia, kwa pini na kwa kidole chenye glavu. Miguu inaweza kuwa kimya kabisa, lakini kama mahali pale pana hisia, hata ndogo, basi uti haujakatika wote. Kuna nyuzi zilizobaki. Kama hakuna kitu, unaandika neno moja, "kamili", na neno hilo linamfuata mtu maisha yake yote. Kwa hiyo Musiye Severini alikuwa na sheria: usipopima, andika "sijapima". Faili yenye "sijapima", alisema, ni faili yenye afya.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo kazini, umri ambao mtu haogopi tena kukosea, alipoletwa Ejide. Alikuwa mpakuaji wa mizigo bandarini. Ubao wa kupandia botini uliteleza akiwa na mfuko wa saruji begani, akaanguka kwa mgongo, na saruji ikamfuata. Hospitalini walimtengeneza mfupa wakatuletea sisi. Kijana wa miaka ishirini na minne, mabega kama mlango, na mcheshi sijapata kuona. Siku ya kwanza aliniuliza kama ule mfuko wa saruji ulipona.

Mama yake ndiye alikuwa murwaza wake. Mnajua desturi yetu: mgonjwa halali peke yake, ana ndugu wa kumpikia, kumwosha na kumgeuza. Kila kitanda kilikuwa na murwaza wake, na kila murwaza alikuwa na wageni wake, kwa hiyo chumba kilijaa kama soko. Na lile pazia la kuzungushia kitanda lilikuwa limepelekwa kufuliwa. Nilimpima Ejide kuanzia kifuani. Hisia ziliishia kitovuni. Miguu ilikuwa kimya. Nikafika mahali pa mwisho. Mama yake yuko pale na sahani mkononi, mwanamke wa rika langu hasa. Mimi na mtandio wangu kichwani. Nilipomweleza kijana kwa sauti ya chini ninachotaka kufanya, alifumba macho akasema, "Mama Hadija, apo apana." Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru. Nilimwambia tutafanya kesho.

Kesho yake pazia halikurudi. Keshokutwa Musiye Severini, aliyekuwa katika mwaka wake wa mwisho kazini, alikwenda Gitega msibani, na daktari wa kituo akawa anaitaka faili. Nafasi ya mwisho kwenye karatasi ilikuwa tupu. Nikaandika "hakuna". Chini yake nikaandika "kamili". Nilijiambia, ikiwa miguu yote haina kitu, pale patakuwa na nini? Niliandika haraka, nikafunga faili.

Halafu nikafanya jambo nililojivunia kwa miaka mingi. Wenzangu walikuwa na mazoea ya kuwaambia wagonjwa kwamba Mungu atasaidia, tutaona, tusubiri mvua ziishe. Mimi nilikuwa msema kweli. Nikakaa pembeni ya kitanda chake, nikamwambia miguu yake imekufa, haitarudi, asipoteze ujana kuisubiri, tuifundishe mikono. Siku nne aligeuzia uso ukutani. Siku ya tano akaniomba nimfundishe kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti.

Sasa nisikilizeni, maana jambo hili nililiona mara moja tu. Sisi Waislamu tuna arobaini yetu. Majirani zetu Wakristo wana kuganduka: muda wa msiba ukishapita, ukoo na majirani wanakutana, wanakunywa, wanatoa hotuba, na msiba unafungwa. Baada ya hapo mtu anarudi kwenye maisha yake na halii tena mbele za watu. Mwaka mmoja baada ya kuanguka, Ejide alituma mialiko. Anaganduka miguu yake.

Nilikwenda. Kulikuwa na hema na viti vya plastiki kwao Mutakura, bia kwa wenye bia na Fanta kwangu. Wapakuaji wenzake walikuja wote, wamevaa makoti. Mjomba wake alisimama akaisifu miguu ile kama marehemu anavyosifiwa: jinsi ilivyocheza mpira, jinsi ilivyobeba mizigo bila kulalamika, jinsi ilivyomkimbiza mwizi mpaka kwenye mto. Watu walicheka huku wakifuta machozi. Kisha Ejide akasema yake. Aliyekuwa hajalia alie leo, kesho apana, na kuanzia siku hiyo mtu asimuulize tena habari ya miguu. Mwisho akanitaja mimi. Alisema wote walimdanganya kwa huruma, mimi peke yangu nilimwambia kweli. Wakanipigia makofi, nami nikasimama nikainama kama bibi harusi.

Habari hiyo niliifanya somo. Kila kundi la wanafunzi nililisimulia jinsi ukweli ukisemwa mapema unavyomwachia mtu maisha yake. Hata ninyi niliwasimulia, na mliandika kwenye madaftari.

Na kweli maisha aliyapata. Alijifunza kushona viatu, akaweka kibanda kando ya soko la Mutakura. Aliwaambia wateja wake kwamba yeye ndiye mwenye viatu bora mjini, maana vina miaka na soli haijaisha. Miaka mitano baada ya ajali akamwoa Jeneroza, muuza mboga za lengalenga wa soko hilohilo, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Tukikutana alinisalimu kwa heshima, na mimi niliipokea heshima ile bila wasiwasi.

Miaka minne baada ya harusi hiyo akaja Daktari Arleti. Ni binti wa hapahapa aliyesoma nje akarudi, na kule kurudi tu ni jambo la kumvulia mtu kofia. Alikuja na mashine ya kuazima. Mimi nilishaona mashine nyingi zinazokuja na hotuba na kuishia kuzuia mlango usifungwe na upepo, kwa hiyo nilikunja mikono. Ilikuwa na ukubwa wa redio ndogo, na nyaya zenye vibandiko laini. Vibandiko viwili unaviweka mgongoni juu ya uti, chini ya palipoumia, vingine mbele, kwenye mifupa ya nyonga. Umeme mdogo unapita kwenye ngozi, hakuna kisu, unaufikia uti.

Nilimuuliza kama umeme huo ndio unaoinua mguu. Alisema sivyo. Ubongo bado unatuma amri, na katika nyuzi chache zilizobaki amri inapita, lakini inafika chini ikiwa dhaifu mno na neva za chini zimelala. Umeme unaziamsha zisikie. Basi nikaelewa kwa Kibuyenzi. Gari limekaa, betri imechoka, lakini injini nzima. Unaunganisha waya kwenye betri ya jirani. Betri ya jirani haiendeshi gari lako, inaliamsha tu. Usukani ni wako. Daktari Arleti alicheka akasema ataliiba somo langu, na ameliiba.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyekuwa hawezi kuinua goti tangu alipoanguka kwenye mti wa avokado. Wiki ya tatu, umeme ukiwa umewashwa, aliambiwa ainue goti, akaliinua. Hakuna aliyemshika. Mnangoja niwaambie kwamba taa zilizimika. Zilizimika, ndiyo, tuko Bujumbura, lakini mashine ilikuwa na betri yake na hakuna aliyetazama juu. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji nikapumua. Miaka thelathini nilikuwa naamini mlango ule umefungwa, na binti mwenye umri wa mwanangu ameusukuma kwa kidole.

Mashine ilikuwa yetu kwa msimu mmoja tu. Baada ya mama yule, daktari alitaka kuongeza watu wanne, wale ambao faili zao zinaonyesha hisia iliyobaki katika mahali pa mwisho. Tukapanga faili za zamani mafungu mawili, wanaofaa na wasiofaa. Faili ya Ejide ilipofika mkononi mwangu niliisoma, nikaona mwandiko wangu, nikaiweka kwenye fungu la wasiofaa. Niliiweka mwenyewe, nikijua.

Siku mbili sikulala vizuri wala kula vizuri. Shetani alinipa njia safi kabisa: nimshauri daktari turudie vipimo vyote kwa kuwa faili ni za zamani. Ejide angepimwa pamoja na wengine, na hakuna ambaye angejua. Ningebaki msema kweli wa Mutakura. Lakini mama yangu alikuwa na msemo wake, mficha uchi hazai, na safari hii ulinikaa kooni, kwa sababu nilificha uchi wa kijana wa watu na yeye ndiye aliyekosa. Siku ya tatu nikamwambia daktari yote. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alichukua kalamu, akakata "hakuna" yangu, akaandika "haijapimwa". Kisha akasema kwamba kumpima ni kazi yake, ila kumwambia ni kazi yangu.

Nilikwenda Mutakura asubuhi, kabla soko halijachangamka. Ejide alikuwa anashona kandambili ya ngozi. Nilimweleza habari ya mashine, halafu nikamweleza habari ya pazia, ya mama yake na sahani, na ya neno nililoandika bila kupima. Hakuinua macho. Alishona mpaka mwisho, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Mi nilishaganduka, Mama Hadija," alisema. "Watu walikunywa, walirudi kwao. Sasa niwaite tena, niwaambie maiti imekohoa?"

Nikamwambia pengine haikukohoa. Sijui. Ndiyo maana nimekuja, kwa sababu sijui, na zamani nilijifanya najua.

Mteja alikuja, Ejide akamfukuza kwa mkono. Niliogopa atanifukuza na mimi, na angekuwa na haki. Kuja kwake kulikuwa na hatari zaidi kuliko kutokuja. Amani aliyoijenga ilikuwa ya kweli, hata kama msingi wake ulikuwa uongo wangu, na kama mashine ingekataa angeipoteza miguu mara ya pili. Hatimaye alisema atakuja kwa masharti mawili. La kwanza, mtu asijue, hata Jeneroza. Ikishindikana atalia peke yake, hatasumbua watu kwa msiba mmoja mara mbili. La pili lilinihusu.

"We njo ulisema imekufa," alisema. "Basi we njo utaiita. Docta apana. We."

Alikuja Jumatatu na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Safari hii pazia lilikuwepo, mlango ulifungwa, na Daktari Arleti akampima mpaka mahali pa mwisho. Mimi nilikaa nje ya pazia, nimekaa kwenye kiti kama murwaza. Kisha nikamsikia Ejide akisema, "Naskia." Akauliza kama kweli amesikia au amefikiri tu, daktari akarudia bila kumwambia lini anagusa, naye akasema kila mara kwa wakati wake. Hakuwa kamili. Hakuwahi kuwa kamili hata siku moja. Niliinamisha kichwa magotini, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii nilijichukia.

Tukaanza. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Namwosha mgongo kwa sabuni, namkausha, nabandika vibandiko, daktari anapandisha umeme taratibu, naangalia ngozi isiungue maana yeye hawezi kuniambia. Kisha nasimama miguuni pake na mikono nyuma. Mikono nyuma, sikieni hapo. Mkono wa kine una huruma, unasaidia bila mwenyewe kujua, halafu unaandika kwamba mgonjwa ameweza. Nikasema, "Ejide, vuta kidole gumba cha kulia." Hakuna. Tena. Hakuna. Nilimwita hivyo wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa akitokwa jasho mpaka shuka inaloa. Wiki ya tano daktari alianza kutazama kalenda, kwa kuwa kulikuwa na watu wanaongoja nafasi. Ejide aliona. Hakusema mzaha wowote wiki ile, na mimi nilikuwa namwomba Mungu njia nzima kutoka Buyenzi mpaka kituoni.

Wiki ya sita, Jumatano, nilisema maneno yaleyale na kidole kikainama. Kidogo, kama mtu anayekubali jambo kwa shingo upande. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Nikasema acha. Kikaacha. Nikasema vuta. Kikavuta. Daktari alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

Nilidhani Ejide atacheka. Alichukua taulo akajifunika uso.

"Miaka tisa nilikuwa nayo," alisema chini ya taulo.

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia kosa si la hospitali wala la pazia, ni langu, na namwomba msamaha.

"Uliniambia kule Mutakura. Lakini kule sikuamini. Sasa naamini, njo inauma." Alivuta pumzi mara kadhaa, akatoa taulo usoni. "Docta, washa tena."

Msamaha hakunipa siku ile, na sikuudai. Aliendelea kuja, na mimi niliendelea kumwita.

Sasa nitawaambia alichopata na ambacho hakupata, kwa sababu watu wameshaanza kuzungusha habari kwamba Bujumbura kuna mashine ya kutembeza waliopooza. Ejide hatembei. Baiskeli yake ya mikono anayo mpaka leo. Lakini anaweza kukaa wima bila kushika kitu, akashona na mikono yote miwili ikiwa huru. Kidole cha kulia, halafu goti la kulia, halafu la kushoto kwa uvivu, vilianza kumtii, na baadhi ya hayo yakabaki hata umeme ukizimwa. Na kabla ya mashine kurudishwa kwa wenyewe, alikuwa anasimama katikati ya zile pau, magoti yake yakimshika, mimi mbele yake na daktari kwenye mashine. Mwanzo kwa muda wa kuhesabu kumi. Kisha kwa muda wa salamu ndefu ya Kirundi. Mjue, mtu ambaye kila siku anahamisha mwili wake kwa mikono, akifikia siku anapoweza kusimama mwenyewe ili ahame kutoka kitini kwenda chooni hata kwa kushikilia, amepewa heshima ambayo sisi wengine hatujui kama tunayo.

Upande mwingine Jeneroza alikuwa anahesabu. Kibanda kinafungwa asubuhi tatu kwa wiki. Mume anarudi amechoka, shati limeloa, na ananukia sabuni ambayo si ya nyumbani. Siku moja, akimsugua mgongo, aliona alama mbili za pembe nne, nyekundu. Alimuuliza, akajibiwa kwamba ni kiti. Mwanamke gani angekubali? Alichofanya alinisimulia mwenyewe baadaye: Ijumaa moja aliacha lengalenga zake kwa jirani, akaifuata ile baiskeli kwa miguu kutoka Mutakura, amefunga kanga kiunoni tayari kwa vita na huyo mwenye sabuni.

Sisi hatukujua kitu. Ejide alikuwa amesimama. Nilikuwa nimemwambia aangalie mbele, asiangalie miguu, na alikuwa anaangalia mbele, jasho linamtiririka. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Jeneroza akaingia na neno tayari mdomoni, akamtazama daktari, akanitazama mimi, akamtafuta mume wake kwenye kiti. Kiti kilikuwa kitupu. Ndipo akainua macho.

Sikuwahi kulifikiria. Jeneroza alimwona Ejide mara ya kwanza akiwa ameketi kibandani, aliolewa naye akiwa ameketi, miaka yote ile alikuwa akiinama kumsikia. Alikuja polepole mpaka kwenye pau. Akasimama mbele yake. Kichwa chake kilimfika mumewe kifuani. Aliweka kiganja juu ya kichwa chake mwenyewe, akakisogeza kwenye kifua cha Ejide, akapima, kama tunavyowapima watoto ukutani.

"Ejide," alisema, "kumbe uko murefu hivi?"

Magoti ya Ejide yalikuwa yameanza kutetemeka. Nilitaka kumwambia akae, nikamwacha.

"Mi mwenyewe nilisahau," Ejide alisema.